Nyanya zangu zilivyotoka dirishani

Aliyeniambia "toa nje tu, mche si mtoto mchanga" simtaji, maana bado tunasalimiana. Ila ndiye aliyeniponza nikaua miche 18 kwa siku moja.

Nilikuwa nimesia nyanya aina ya Tanya kwenye trei za mayai, dirishani jikoni, kwa sababu baridi ya Julai hapa Arusha haina utani na mbegu za nje ziligoma. Ndani zikaota vizuri ajabu. Wiki ya tano nikaibeba miche hadi uani saa nne asubuhi, nikaenda zangu sokoni. Narudi saa tisa, majani meupe kama karatasi, mashina yamelala. Nikaimwagia maji, eti itaamka! Jani lililokulia nyuma ya kioo halijui jua kali wala upepo. Ni sawa na kumtoa karani ofisini ukamkabidhi jembe mchana kutwa.

Mara ya pili nikapanga miche mipya yote kwenye beseni moja la kufulia, ili kutoka na kuingia iwe safari moja. Siku ya kwanza kwa saa moja tu, chini ya mparachichi. Kesho yake saa mbili. Jua la asubuhi ndilo lilitangulia. La mchana lilikuja baadaye, tena nimetanda khanga kuukuu juu. Upepo niliuzoesha mapema: kila nikipita jikoni naipapasa miche vichwani kwa kiganja, watoto wanacheka kwamba mama anabariki mboga. Wacheke, mashina yalinenepa. Siku ya nane ikalala nje.

Ndoo za kupandia ni zile zilizokwisha rangi, nilizipata kwa fundi kwa kama 2,000 kila moja, nyingine akanipa bure. Matundu ni kwa msumari wa moto. Nilipanda jioni, nikafukia shina hadi karibu na majani ya chini, maana nyanya hutoa mizizi hapo hapo kwenye shina.

Minne iliyobaki niliipanda ardhini, kando ya ukuta. Asubuhi ya pili miwili iko chini, imekatwa kama kwa wembe. Nikalaumu kuku wa jirani, nikaenda hata kumgongea geti, tukajibizana. Kurudi, nikachokonoa udongo kwa kijiko: sota huyo, kiwavi mkata miche, kajikunja, mnono, rangi ya udongo wenyewe. Kuku niliyemsingizia ndiye niliyemwita aje amle. Iliyosalia nikaivalisha kola za vikombe vya plastiki vilivyobaki kwenye kipaimara cha binti yangu: unakata kitako, unakizamisha kikombe nusu udongoni, mche unabaki katikati. Haijakatwa tena.

Juzi mshauri wangu kapita, kaona ndoo 11 zimejaa maua. Akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Si nilikwambia uitoe nje?"