Nilivyolisaka kopo mchangani kwa spika na kipande cha kioo

Kila niliyemuuliza bomu lililofukiwa ardhini linatafutwaje alinijibu vilevile: nunua kitambua vyuma, yaishe. Hayaishi! Mabomu mengi ya kutegwa ardhini ni ya plastiki, chuma chake kiduchu, na mashine ukiitegesha isikie hicho kiduchu italia kwa kila msumari na kizibo.

James Sabatier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani, walishaonyesha njia nyingine. Spika inapiga sauti nzito, ardhi inatetemeka, leza inapima mtetemo bila mtu kukanyaga. Bomu lina uwazi ndani na kifuniko kinachobonyea, kwa hiyo udongo wa juu yake hutikisika kuliko wa jirani. Jiwe halibonyei.

Leza ya kupimia sina. Nilijaza sanduku mchanga mkavu, nikafukia kopo la plastiki lenye kifuniko laini badala ya bomu, sentimita 2 chini, na upande wa pili jiwe la ukubwa uleule. Spika niliitundika kwa kamba. Ikigusa mbao, sanduku zima hutetemeka na hujui kipi ni kipi.

Kisha nikaweka juu ya mchanga kipande cha kioo cha ukubwa wa ukucha, nikakipiga mwanga wa leza ndogo ya mkononi, nukta ikaangukia ukuta wa mbali. Nilikiweka katikati kabisa ya kopo, nikapandisha sauti polepole kutoka hezi (mitetemo kwa sekunde) 60 hadi 300. Kimya. Siku mbili nzima nukta imeganda palepale, na mimi naanza kuwaamini walionikatisha tamaa. Usiku wa pili kiganja kikakigusa kioo, kikasogea vidole viwili pembeni. Nukta ikavutika ikawa mstari! Katikati kifuniko hupanda na kushuka kikiwa bapa, kioo hakiinami. Pembeni ndipo kinapoinama. Nilipiga kelele peke yangu.

Juu ya jiwe nilizunguka kote, nukta ikabaki nukta. Mchanga ukilowa mambo hubadilika, anza mkavu. Ziba masikio, na leza usiiangalie hata iliyodunda. Haya ni ya sandukuni tu: eneo linaloshukiwa kuwa na mabomu usilisogelee, waachie wategua mabomu.

Jana nilimwomba rafiki afukie kopo mimi nikiwa nje, asawazishe mchanga. Nilihamisha kioo mstari kwa mstari hadi nukta ikavutika. Nikafukua kwa kijiko: ukingo wa kopo ulikuwa chini yake.