Injini ilikuwa inagonga, na metali hazikuwa na kosa

Imenyamaza. Jana jioni niliiwasha ikiwa baridi, nikaiacha ipate moto hadi feni ikajiwasha, nikakanyaga mafuta mpaka mizunguko 2500 na kuachia ghafla, pale pale ilipozoea kugonga kama nyundo. Kimya. Nimezima na kuwasha tena mara nne, maana baada ya wiki tano za mlio ule masikio hayaamini upesi.

Injini ni ile ile: lita 1.6, silinda nne, valvu 16, ya distributa (kigawa cheche za plagi), umri wake zaidi ya miaka 25. Mara ya mwisho niliandika kwamba hatua inayofuata ni kurekebisha tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu zifunguke. Sijazigusa.

Kilichonisumbua ni kwamba karibu kila dalili ilielekeza kwenye konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini. Mlio ulikuwa mzito na wa chini, si ule mwepesi wa tapeti. Uliongezeka injini ikipata moto, kwa hiyo haikuwa pistoni inayopiga ukuta wa silinda, kwani hiyo hupungua pistoni ikishatanuka. Nikiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na mpini sikioni, nilisikia gonga, gonga, gonga, wazi kabisa. Mafundi wawili walisikiliza kwa siku tofauti na wote wakatamka neno moja: metali, yaani beringi nyembamba zinazokaa kati ya konrodi na krankshafti. Nikanunua seti nzima kabla hata sijafungua bolti moja.

Na bado kulikuwa na kitu kilichokataa. Nilichomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta (waya uliochomolewa ugusishwe kwenye chuma cha injini, usije ukaua koili). Konrodi yenye metali iliyokwisha, ukiikatia moto silinda yake, mlio hupungua au hubadilika, kwa kuwa pistoni haisukumwi tena chini na mlipuko. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne: hakuna tofauti hata chembe. Nikafunga geji ya mkono ya presha mahali pa swichi ya oili. Injini ikiwa moto ilisoma psi 25 sailensa, na 50 kwenye mizunguko 3000. Hiyo si presha ya injini iliyoua metali. Oili niliyomwaga haikuwa na vumbi la shaba, na sumaku ilitoka tupu.

Nilishusha sampu hata hivyo. Kepu zote nne za konrodi nikazifungua, nikapima nafasi kwa ule uzi wa plastiki unaobonyea: 0.04 mm kila mahali. Shingo za krankshafti zilikuwa laini, ukipitisha ukucha haukwami popote. Nikarudisha metali zile zile, gasketi mpya, oili mpya, nikawasha.

Ikagonga. Mlio ule ule, mahali pale pale. Siku ile nilifunga boneti nikaenda kulala mapema, hasira zilikuwa zimenijaa kooni.

Wazo jipya lilinijia usiku, na ndilo lililozitupa tapeti pembeni. Nilirekodi mlio kwa simu, nikaifungua sauti kwenye programu inayouchora kama mawimbi. Hesabu ni rahisi. Kwenye mizunguko 800 kwa dakika, krankshafti humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 75. Kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka nusu ya kasi hiyo, kwa hiyo kitu cha juu, tapeti kwa mfano, kingegonga kila baada ya milisekunde 150. Nikapima umbali kati ya kilele na kilele, mara ishirini. Ni 75. Tapeti zikaachiliwa huru. Zikabaki beringi kubwa za krankshafti, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krankshafti), klachi, na puli ya mbele inayozungusha mikanda.

Nilikanyaga klachi, mlio haukubadilika. Nikavua mikanda ya alteneta, stelingi na kompresa, nikawasha kwa nusu dakika tu. Hapo mlio ukageuka. Ulikuwa mzito, sasa ukawa mkavu. Ukapotea sekunde kadhaa, ukarudi.

Ndipo nikakumbuka taa ya taimingi, ile inayomweka kwa kila cheche ya plagi ili alama ionekane imesimama. Wiki ya pili niliimulika alama ya taimingi, nikaiona inachezacheza badala ya kutulia. Nililaumu distributa, nikabadilisha kepu na rota bure. Lakini alama ile imechongwa kwenye puli! Puli yenyewe ikicheza, alama itatulia vipi?

Niliweka gia ya tano, nikavuta breki ya mkono, nikaishika puli kwa mikono miwili. Ilizunguka kama milimita tatu mbele na nyuma, na krankshafti imetulia tuli. Bolti ya katikati ilifunguka kwa spana fupi na mkono mmoja. Bolti ile iliguswa mara ya mwisho mkanda wa taimingi ulipobadilishwa gereji, kabla sijaanza kuifanyia gari hili kazi mwenyewe, na mtu aliikaza kwa kukisia. Inaniudhi mpaka sasa. Kii, kile kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye krankshafti, ilikuwa imelika nusu ya mbele, mfereji wa puli umepanuka. Nusu ya nyuma, inayoshika gia ya taimingi, ilikuwa bado nzima, na mfereji wa krankshafti una mkwaruzo tu mdomoni. Nusu ile nayo ingekatika, taimingi ingeruka nikiwa njiani.

Puli mpya, kii mpya, bolti mpya, nyuso zote zimesafishwa mpaka chuma cheupe. Torki (nguvu ya kukazia) Nm 118 kama kitabu cha injini hii kinavyosema, kwa spana yangu ya sindano. Siipendi ile ya kulia "tik". Springi yake huchoka bila kukuambia, sindano unaiona kwa macho. Mashine ya upepo ifungue bolti hiyo ikitaka, lakini isiikaze kamwe. Na bisibisi ya kusikilizia sitaiamini tena kwenye sampu: bati lile jembamba hupokea kila mlio wa injini na kuukuza kama ngozi ya ngoma.

Seti ya metali imo kabatini, boksi halijafunguliwa. Tapeti zitasubiri kidogo, kwa sababu kuna mvumo kwenye gia ya tatu niliouvumilia kwa miaka miwili, na sasa ninajua kuuchora. Nimeshapata idadi ya meno ya gia zote ya kufanyia hesabu kama ile; kesho nitafunga simu karibu na giaboksi na kwenda kurekodi.