Kaboni Iliyokwisha Kutumika: Jinsi Nilivyoamua Ipi Irudi Kazini na Ipi Isirudi

Katika kikundi chetu cha usindikaji wa matunda hapa Uyole, Mbeya, maji ya bomba hupitishwa kwanza kwenye kichujio chenye kaboni amilifu ya vifuu vya nazi, yaani mkaa maalumu unaonasa uchafu wa maji, kwa sababu klorini iliyomo huharibu ladha ya juisi ya pasheni hata ikiwa ni kidogo sana. Kaboni hiyo ilipochoka, wanachama walileta mapendekezo mawili kwa wakati mmoja: tuipeleke yetu ikachomwe upya ili tuirudishe kwenye kichujio, au tununue iliyokwisha kutumika kutoka kwa wachenjuaji wa dhahabu wa Chunya, ambayo bei yake ilikuwa chini sana kuliko ile mpya inayotoka Dar es Salaam. Mimi ndiye ninayesimamia ubora, hivyo uamuzi uliachwa mikononi mwangu, nami niliuchukulia kwa uzito kwa kuwa juisi yetu hunywewa na watoto wa shule.

Kaboni amilifu haifanyi kazi kama chekecheo linalozuia uchafu juu yake. Ndani ya kila punje mna vitundu vidogo mno, vingi kiasi kwamba gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani linalofikia mita za mraba 1,000, na kinachonaswa hushikiliwa kwenye kuta za vitundu hivyo. Kwa hiyo kaboni iliyotumika ni ghala la kila kilichopita ndani yake, na swali la kwanza ninaloliuliza si kama bado ina nguvu, bali ni nini kilichomo.

Kwa kaboni ya Chunya jibu halikuwa gumu kulikisia. Wachimbaji wadogo wengi hukamata dhahabu kwa zebaki kwanza, kisha mchanga unaobaki, unaoitwa marudio, huuzwa kwa wenye matangi ya kuchenjulia kwa sayanidi, kemikali yenye sumu kali. Sayanidi huyeyusha dhahabu iliyosalia, lakini huyeyusha pia fedha, shaba na ile zebaki iliyobaki kwenye marudio, na kaboni inaweza kunasa hivyo vingine pamoja na dhahabu. Kwenye mtambo wa elusheni, yaani wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni, dhahabu huondolewa kwa maji ya moto yenye kostiki (sodiamu haidroksaidi) na sayanidi. Hapo kazi ya mwenye dhahabu imekwisha, lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kuhakikisha kwamba na vingine vimetoka.

Muuzaji alikuja mwenyewe na mfuko. Alikata chupa ya maji, akaijaza kaboni, akapitisha maji yetu ya bomba, kisha akaomba vidonge vyetu vya kupimia klorini. Kwenye maji ya bomba kidonge kilileta rangi ya waridi. Kwenye maji yaliyotoka chupani hakikuleta rangi yoyote.

“Unaona dada, inafanya kazi kama mpya. Imeshaoshwa kwa asidi na kuchomwa, hata dhahabu haimo tena.”

“Kaka yangu, mliichoma kwenye tanuri gani?”

“Tanuri tulitoe wapi, dada? Tuliitandaza kwenye bati, tukakoka kuni chini mpaka ikakauka.”

Nilimshukuru kwa kusema kweli, kwani jibu hilo lilinisaidia kuliko onyesho lote la chupa. Kaboni huiondoa klorini kwa kuibadilisha kikemikali juu ya uso wake, na kazi hiyo inaweza kuendelea hata pale vitundu vilipokwisha kujaa vitu vingine. Kidonge kisicholeta rangi kinathibitisha kwamba klorini haipo, basi. Hata kipimo cha ayodini, ambacho wauzaji wengi hukitaja, huonyesha nafasi iliyobaki ndani ya kaboni na hakisemi lolote kuhusu sumu iliyokwisha kukaa humo. Sikukubali onyesho lirudiwe, kwa kuwa mabaki ya sayanidi yakikutana na klorini yanaweza kutoa gesi ya sumu.

Suala la sayanidi linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kusuuza kunatosha. Wachenjuaji huweka chokaa kwenye matangi ili pH (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) ibaki kwenye 10 au zaidi, na sayanidi itulie ndani ya maji. Ikishuka chini ya 9.2 hivi, sehemu kubwa ya sayanidi iliyo huru hugeuka kuwa haidrojeni sayanidi, gesi inayoua. Maji yetu yana pH inayokaribia 7, hivyo kusuuza kwa maji hayo kungeyageuza mabaki ya sayanidi kuwa gesi hiyo. Ndiyo sababu pia kaboni isiyosuuzwa vizuri haipaswi kumwagiwa asidi na mtu asiyeijua kazi hiyo.

Niliomba mfuko mmoja, nikachota kidogo kidogo juu, katikati na chini, nikachanganya na kupeleka maabara. Zebaki ilionekana ndani ya punje, na shaba kwa wingi. Maabara ilifanya pia kipimo cha mchujuko, ambapo kaboni hutikiswa kwa saa 18 katika asidi dhaifu yenye uzito mara 20 ya uzito wake, na zebaki iliyotoka ilikuwa kidogo. Baadhi ya wanachama waliposikia neno “kidogo” walifurahi. Mimi niliwaeleza kwamba kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya kuamua taka inaweza kufukiwa wapi, ilhali kichujio chetu hupitishiwa maji mchana kutwa kwa miezi, na Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa zebaki isiyo ya kikaboni katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 6 tu kwa lita. Kwa chakula cha watu sikuona nafasi ya kubahatisha.

Je, tungeichoma wenyewe ipasavyo? Kaboni hufufuliwa kwa joto la nyuzi 650 hadi 750 za Selsiasi, pamoja na mvuke na bila hewa ya kutosha kuiunguza. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Kwa hiyo ingetoka kweli, lakini ingetoka kama mvuke na kuingia mapafuni mwa mwenye tanuri na jirani zake, isipokuwa kama tanuri lina kifaa cha kuinasa. Sikutaka maji yetu yasafishwe kwa gharama ya afya ya kijana wa Makongolosi, huko huko Chunya.

Kaboni yetu wenyewe ilinifikirisha zaidi, maana historia yake ilikuwa njema. Daftari la kichujio lilionyesha maji ya bomba tu, ila kulikuwa na kipindi cha mgawo ambapo tulinunua maji ya boza yasiyojulikana chanzo, na kwa ajili ya kipindi hicho nilipima metali na viuatilifu. Haikuonekana shida. Hiyo ingeweza kufufuliwa na kurudi kwenye maji ya kunywa kwa sharti moja: ichomwe mahali panapochoma kaboni ya maji ya kunywa peke yake, bila kuchanganywa na ya viwandani. Matanuri niliyoyapata karibu yalikuwa ya kaboni ya dhahabu. Kuipeleka huko kungekuwa kuichukua kaboni safi na kuichafua kwa pesa zetu.

Basi tuliishusha daraja. Sasa iko kwenye tangi la maji machafu ya kuoshea matunda, inapunguza rangi na harufu kabla maji hayajaingia shimoni, na hapo hakuna anayekunywa. Wakati wa kuihamisha nilisimama mlangoni nisimruhusu fundi kuingia ndani ya tangi, kwa sababu kaboni amilifu yenye unyevu hunyonya oksijeni ya hewa iliyofungiwa, na watu wamewahi kufa kwa kuingia humo wakidhani ni tangi tupu tu. Tuliitoa kwa maji na mpira kupitia tundu la chini.

Muuzaji wa Chunya aliondoka na mifuko yake yote, ukiwemo ule niliouchotea sampuli. Nilimshauri airejeshe kwenye mtambo wa elusheni, kwa kuwa kaboni hiyo bado inafaa kunasa dhahabu, na ile iliyosagika kuwa vumbi mara nyingi hubeba dhahabu inayostahili kutolewa. Itakapofika mwisho kabisa ihesabiwe kuwa taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, isafirishwe na kutupwa kwa kibali, wala isiuzwe kwa mwenye kisima. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama vumbi lile linapaswa kuwekwa kando na punje nzima tangu mwanzo. Nilimwambia ndiyo, na aweke kwenye ndoo yenye kifuniko.