Nyavu zachomwa, mwenye nyavu yuko kwake

Hapa Malindi kila baada ya muda hupita picha kwenye magrupu ya wasapu, rundo la nyavu linawaka moto ufuoni, maafisa wamesimama pembeni, na chini watu wanapongeza kazi nzuri kazi nzuri. Mimi huwa sipongezi, na si kwamba napenda juya, ule wavu mrefu wa kuburuta, juya nalichukia kabisa. Linaburutwa juu ya nyasi za bahari palepale watoto wa samaki wanapojificha, likija juu limebeba kila kitu, tafi wa urefu wa kidole, changu ambao hawajataga hata mara moja, vijisamaki ambavyo hata mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga, akivikaanga havishibishi mtu.

Lakini jamani juya lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, pamoja na bunduki ya kuchomea samaki, na mpaka leo lavutwa. Zaidi ya miaka 20! Mbona?

Kwa sababu tunamshika mtu asiye mwenyewe. Wale vijana wanaolivuta hawana chombo, hawana nyavu, wengine hata mshipi hawana. Nyavu ni ya tajiri, mashua ni ya tajiri, pesa ya mafuta katoa tajiri, samaki wakitoka lahesabiwa kwanza fungu la chombo na fungu la nyavu, kitakachobaki ndo wagawane wote na wako wengi. Siku wakishikwa, wanaolala ndani ni wao. Tajiri anunua nyavu nyingine na bei yake aiandika kwenye deni la walewale vijana, sasa itabidi wavute zaidi ili walipe. Yani moto wetu ule unaongeza uvuvi badala ya kuupunguza, ndo maana naumia nikiona zile picha.

Na mwenye nyavu anajulikana. Muulize mtu yeyote pale dikoni samaki wanaposhushwa, atakwambia hii ya nani na ile ya nani kwa kuangalia maboya tu. BMU, zile kamati za wavuvi za kusimamia ufuo, zilipewa nguvu na kanuni za 2007, zasajili wavuvi na vyombo, zaweza kujitungia sheria ndogo za bandari yao, kwa hiyo nyavu ikiandikishwa kwa jina la mwenyewe na faini ikamfuata huyohuyo mwenyewe, mambo yatabadilika haraka sana. Ugumu ni kwamba viongozi wengine wa BMU nao wanadaiwa na tajiri, hili lazima lisemwe, kiongozi mwenye deni hawezi kumwandikia faini anayemdai.

Watu wataniambia wewe wawatetea wavuvi, watamaliza bahari. Hapana. Mimi ni wa kufunga sehemu na kuzilinda. Mbuga ya bahari ya Malindi na ile ya Watamu zimefungwa tangu 1968, wazee walinuna na wengine bado wananuna, lakini watafiti walipowatia alama samaki wa mle ndani baadhi yao walikuja kunaswa nje ya mpaka, na wenye malema, ile mitego ya kusuka, wanalijua hilo bila utafiti, ndo maana hupenda kutega karibu na mstari. Angalia na kikande, samaki ambaye wengi hatumthamini, yeye ndo anawala wale wadudu wa miiba mieusi inayochoma miguu, ukimmaliza kikande wale wanazaana na kuugugunya mwamba mpaka unakuwa uchi.

Kule Pate, Lamu, wamefunga sehemu za pweza kwa miezi kadhaa kisha wakafungua, na ilishika kwa sababu pweza anakua mbio, aliyefunga anayaona matunda msimu uleule. Tewa si hivyo. Tewa huanza maisha jike na ni baadaye sana, akishakuwa mkubwa, ndo baadhi wageuka madume, sasa ukiwamaliza wakubwa umeondoa madume, na kumsubiri tewa ni miaka. Ndo hapo mvuvi anahitaji kula kitu wakati anasubiri, na ndo hapo mipango mingi yetu iko kimya.

Tena mvuvi ana macho. Trola, zile meli kubwa za kuburuta nyavu kuvua kamba, kwenye ghuba ya Ungwana zilisimamishwa 2006, kisha zikarudi kwa masharti, zisikaribie pwani, usiku zisivue, kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi zisimame. Masharti mazuri, ila mwenye mtumbwi akiona taa za meli usiku halafu asubuhi yeye akaguliwa macho ya nyavu, sheria gani tena atakayoiamini?

Malema yenye mwanya wa sentimita 3 au 4 hivi, ambapo wadogo wanapenya wakaenda zao, yako na yamejaribiwa hapahapa pwani. Vijana wa juya wapewe hayo pamoja na mkopo usiotoka kwa tajiri, na wapewe kaskazi bado ipo, kabla ya Aprili. Kusi likishaanza bahari ya nje haiendeki kwa chombo kidogo, wote tunabanana ndani ya mwamba walipo samaki wachanga, na kijana mwenye njaa akiitwa kuvuta juya wakati ule ataenda.