Kunguru wa Blythburgh

Nimeoga, nimekula, nimejaribu kulala, wapi, lile neno linanizunguka kichwani kama mbu aliyeingia ndani ya neti. "Najua." Ndo nilichomjibu yule mzee. Najua! Na nilikuwa sijui kitu.

Ngoja niwasimulie nyie maana Baba Neema kila nikimweleza anacheka tu. Shemeji bado yuko huku Suffolk, Uingereza, ile kesi ya kiwanja imeisha na mama mkwe katoka hospitali, tunamshukuru Mungu, kwa hiyo jana nikasema nimpeleke, yeye na mwanangu Neema, kwenye lile kanisa ninalolipita kila nikienda shifti. Limekaa peke yake juu ya matope ya mto Blyth kama jahazi lililoachwa na maji. Kijiji chenyewe nyumba za kuhesabu, kanisa la karne ya 15 kubwa hadi wenyeji wanaliita kanisa kuu la vinamasi. Na mnanijua, nilijisomea siku tatu nzima kwenye simu, nataka shemeji aone kwamba hata mie wa kubadilisha wazee nepi nina cha kusema.

Na nilianza vizuri jamani. Nikamwonyesha mlango wa kaskazini wenye alama nyeusi za kuungua, watu husema ni kucha za shetani aliyekuja kwa umbo la mbwa mweusi na radi tarehe 4 Agosti 1577, watu wako kwenye ibada, kilele cha mnara kikaangukia ndani, mwanamume mmoja na kijana wakafa. Shemeji mdomo wazi. Halafu nikamwambia haya, tazama juu. Dari yote mbao, malaika wamepangwa kati kwa kati wamepeana migongo, mabawa yametanuliwa, rangi ya zamani ipo ipo bado, na mwanga unaingia kwa madirisha 18 kila upande. Hapo ndo nikanogewa.

"Unaona yale matundu, shem? Risasi hizo. Mwaka 1644 alikuja mtu anaitwa William Dowsing, kazi yake kuvunja sanamu makanisani, akaamuru malaika 20 washushwe, askari wake walivyoshindwa kuwafikia wakawatwanga risasi."

Nyuma yetu kulikuwa na mzee anafuta vinara vya mishumaa. Akasema polepole, bila ubaya wowote, "Karibu kila mtu anasema hivyo."

Nami, "Najua, nilikuwa naelekea huko."

Akaweka kitambaa chini, akatabasamu. "Aa, samahani nimekukatiza. Haya, malizia."

Malizia nini sasa? Nikaangalia juu kama vile jibu limeandikwa kwenye bawa. Neema ananitazama, shemeji ananitazama, mzee anasubiri na kale katabasamu. Mwisho akanihurumia akamalizia mwenyewe: Dowsing alikuja kweli na aliamuru kweli, ila risasi zilizokutwa kwenye mbao ni za karne ya 18, kanisa lenyewe lilinunua baruti kupiga kunguru waliokuwa wanasumbua mle ndani.

Kunguru! Shemeji akaangua kicheko kanisa likaitika. "Kumbe hata huku? Dar tumewawekea sumu na bado wapo!"

Tangu jana nafanya mazoezi ya majibu. Naosha vyombo, "ooh, kweli? niambie." Napanga soksi, "hilo sikulisikia, mzee wangu." Ingenigharimu nini? Na kazini ndo hivyo hivyo, naelekezwa mashine mpya ya kunyanyulia wagonjwa, najua, najua, halafu usiku nagoogle chooni.

Ila niseme ukweli, baada ya hapo ndo kanisa likawa tamu. Mzee akatuzungusha mwenyewe. Kwenye ncha za mabenchi wamechonga zile dhambi saba kama watu, mlafi na tumbo lake, mchoyo kakalia sanduku la hela, mvivu yuko kitandani kabisa. Shemeji akampiga picha akamtumia kaka yake, "umefikaje huku?" Mimi nikamtafuta mwongo. Hayumo, kwenye zile saba uongo haumo, nilihesabu vidoleni mara mbili. Majivuno yamo lakini.

Halafu mzee akamshika Neema mkono akampeleka kwa Jack, mtu wa mbao wa mwaka 1682, ameshika shoka lake, ukivuta kamba anagonga kengele kwamba ibada inaanza. Neema akavuta. Akavuta tena. Akamuuliza mzee kwa nini Jack ana shoka na sio nyundo, mzee akafikiri kidogo akasema, "Hilo silijui."

Hivi hivi tu. Silijui. Na hakuna aliyemcheka.

Sasa ni saa saba usiku na mama katuma voice note ya dakika nne. Mama akiwa na la heri hupiga simu. Sijaifungua bado.