Jinsi nilivyomrudisha mama baharini

Mwezi wa saba mwaka jana nilimpeleka mama na wanangu wawili Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuona pomboo. Tuliporudi mjini mama aliapa kwamba bahari ataitazama tena akiwa amekaa Forodhani, mkononi ana juisi ya miwa.

Sikuweza kumlaumu. Pepo za kusi zilikuwa zimekolea, boti inapanda na kushuka, na papasi aliyetuuzia safari alituahidi kila kitu isipokuwa jaketi la mtoto. Mdogo, wa miaka mitano, akavishwa la mtu mzima, likampanda hadi masikioni. Tulipofika kwenye pomboo tulikuta boti kumi na kitu zimewazunguka, kila nahodha anawahi kuwakata mbele, wageni wanaruka majini na miwani yao. Pomboo wakazama. Mimi niliona mapezi mawili. Mama, mzaliwa wa Singida, aliona sakafu ya boti tu, maana kigegezi hakikumwacha ainue kichwa.

Watoto ndio walionisumbua turudi. Safari hii nikangoja tangambili, pale kusi imeshakata na kaskazi haijashika, kuna asubuhi bahari inalala kama maji ya beseni. Nikatazama na mwezi, nikachagua siku za maji mafu, yasiyopwa sana. Kwenye bamvua maji hupwa mbali, na goti la mama si la kufukuzana na boti juu ya mawe. Mama nilimwambia tunakwenda kuuona msikiti wa Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Haukuwa uongo, tulikwenda. Nilikata tu nusu ya habari.

Tulipanda daladala ya 326 mchana, tukalala huko huko, ili asubuhi tuwahi kabla ya magari ya watalii kuingia. Jioni nikashuka pwani mwenyewe na yule mdogo, bila papasi. Nikamkuta nahodha mmoja wa makamo anafunga mashine yake, nikamsalimia, nikamweleza: nalipa boti nzima, nusu sasa na nusu tukirudi, hatuogelei, na sitaki uwafukuze.

Akanitazama kidogo. "Hutaki niwafukuze?"

"Sitaki. Tukiwakosa, tumewakosa. Pesa yako iko pale pale."

Akacheka. "Bibi wewe, ungejua! Nisipokimbiza, wageni wananuna, wanasema sijawapa haki yao. Na pomboo wenye watoto ndio wa kwanza kuhama wakisikia mashine nyingi." Akaniambia wazee wake walikuwa wakiwavua pomboo kwa nyama na kwa chambo cha papa, na kwamba hayo yalikoma miaka ya 1990, wageni walipoanza kuja kuwatazama. Nikamwomba anioneshe jaketi. Nikamvisha yule mdogo, nikafunga mikanda yote, nikamwinua kwa mabega ya jaketi. Halikumvuka. Hapo ndipo nilipotoa pesa.

Mama nilimtobolea siri usiku. Akanyamaza muda mrefu kisha akasema, "Nikitapika, utafua wewe."

Alfajiri nilimpa muhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Kidonge cha kuzuia kigegezi, nilichoulizia mapema duka la dawa, alikimeza kabla hatujatoka kitandani vizuri. Ndani ya boti nikamkalisha katikati kuelekea nyuma, kule kusikoruka sana, lakini mbali na moshi wa mashine, nikamwambia macho yasiteremke, atazame mstari wa mbali ambako mbingu inakutana na maji. Simu nilimnyang'anya.

Tulizunguka karibu saa nzima bila kitu. Mkubwa akaanza kulalamika, na nakiri hata mimi nilianza kuihesabu pesa kichwani. Ndipo nahodha akaona mgongo mbali. Hakuwaendea usoni. Aliwapitia ubavuni, taratibu, kisha akazima mashine kabisa, tukaelea.

Kimya. Maji yanagonga ubavu wa boti. Halafu, nyuma yetu: *pfff!* Pumzi, kama mtu aliyeibuka baada ya kuzamia chaza. Mara ya kwanza, kwa kelele zile zote, sikujua kwamba pomboo husikika. Wakapita saba, labda wanane, mgongo wa kijivu unang'aa kama umepakwa mafuta, na tundu la kichwani linafunguka na kufumba. Mmoja alikuwa na mtoto ubavuni, anapanda mama yake anapopanda.

"Samaki gani anavuta pumzi?" mama akauliza.

"Si samaki, bi mkubwa," nahodha akajibu. "Huyu ananyonyesha."

Mama akageuka kabisa kwenye kiti, akasahau mstari wake wa mbali. "Ananyonyesha humu humu majini?" Akawafuata kwa macho hadi wakatuacha wenyewe. Kwa mbali tukasikia boti za wageni zinakuja, nahodha akawasha mashine, tukaondoka.

Ufukweni boti ilikomea kwenye maji ya magotini. Nahodha akainama ili ambebe mama mgongoni.

"Wee mwanangu, inuka," akasema, akikusanya kanga yake. "Nimekuja kwa miguu yangu." Akashuka, akatembea mbele yetu sote, akiwaeleza wajukuu namna pomboo anavyonyonyesha, mambo ambayo nahodha hakuyasema.