Komini Namba 1.9

Jedwali la kwanza nililompelekea asistenti wetu, mwalimu msaidizi wa chuo, lilionyesha kwamba wastani wa komini (sehemu za utawala za mji) za akina mama arobaini wauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, niliowahoji hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni 1.9. Wakati wa kuingiza majibu kwenye kompyuta nilikuwa nimeipa Ibanda namba 1, Kadutu 2 na Bagira 3, na programu, ambayo haiulizi namba imetoka wapi, ilijumlisha na kugawanya kama ilivyoamriwa. Asistenti aliizungushia 1.9 duara jekundu, akaniuliza kama komini hiyo nayo ina soko.

Nilirudi kwenye hojaji yangu na kuandika kwa penseli, pembeni mwa kila swali, aina ya kigeu chake, yaani kile kinachobadilika kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Komini na hali ya ndoa ni majina tu, hata yakivikwa namba, kwa hiyo yanakubali modi peke yake: jibu lililotokea mara nyingi zaidi, yaani Kadutu. Maoni kuhusu mahali pa kuuzia (pabaya, pa kiasi, pazuri) yana mpangilio, lakini hakuna awezaye kupima kama hatua ya kwanza inalingana na ya pili, ndiyo maana nilichukua mediani, jibu linalokaa katikati yote yakipangwa kwa mfuatano. Idadi ya watoto huhesabika kwa namba kamili, ilhali uzito wa beseni waweza kuwa kilo 7.35, vyote viwili ni vigeu vya idadi na wastani wake una maana. Mwanasaikolojia Stevens, aliyeandika juu ya ngazi hizi za upimaji mwaka 1946 huko Marekani, alizitaja nne. Ile ya nyuzi za Selsiasi, ambayo sifuri yake haimaanishi kwamba hakuna joto, sikuwa na swali lake.

Nilidhani kwenye faida ya siku nimefika salama, kwa kuwa faranga ni namba halisi. Katika safu moja ya akina mama tisa, faida zilikuwa 6,000, 7,000, 7,000, 8,000, 9,000, 10,000, 11,000, 12,000 na 110,000, hii ya mwisho ikiwa ya mama anayenunua samaki kwa jumla ufukweni kabla jua halijapanda. Jumla ni 180,000 na wastani ni 20,000, kiasi ambacho wanane kati yao hawajakikaribia. Mediani, yule wa tano katika mstari, ni 9,000. Nilipowasomea wenyewe hizo 20,000, mmoja alicheka akasema, «Mwanangu, hizo faranga utuonyeshe zilipo.»

Swali langu nalo lilikuwa na kasoro. Darasani tulifundishwa kwa Kifaransa, sokoni niliuliza kwa Kiswahili: «Mama, kwa kawaida unapata ngapi kwa siku?» Mtu akisikia «kwa kawaida» hajumlishi siku zake zote na kuzigawanya, anataja kiasi kinachomrudia mara nyingi, yaani modi yake mwenyewe, na zile siku za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti samaki wengi, anaziacha nje. Safari ya pili niliuliza faida ya jana, ya juzi na ya siku iliyotangulia juzi, nikahesabu mwenyewe.

Katika jedwali la mwisho niliweka mediani na wastani kando kwa kando, na chini yake mstari wa peke yake wa yule mama wa jumla. Asistenti alitia sahihi, safari hii bila duara.